Mwaka Niliojifunza Kupima Njia ya Itebero

Papa Anselme tulimuzika Mweso siku ya Alhamisi, asubuhi, mbio mbio, kwa sababu mvua ilikuwa imeshafunika milima ya upande wa Kitshanga. Nilisimama nyuma kidogo na miguu yangu hii inayovimba, na hapo njo nilisikia Papa Déo akimuambia padiri, kwa sauti ya muntu anayetaka asikiwe na wengine: «Mon père, muzee alikuwa muntu muzuri, lakini alikuwa mwoga. Kama angenifuata ule mwaka, leo tungemuzika sawa gouverneur.» Watu wakacheka kidogo, kwa heshima, maana Déo njo alikuwa amenunua jeneza, na bia pia, na jeep yake ilikuwa imesimama pale karibu na misalaba. Mimi sikucheka. Nilibeba hilo neno, mwoga, mpaka Goma, barabara yote. Déo hasemi uongo juu ya mali. Yeye ni tajiri kweli. Lakini hajui kitu Papa Anselme alifanya ule mwaka kwenye mukeka wake, ingawa alikuwa amekaa mbele ya huo mukeka, magoti yake yakiugusa. Mimi nilikuwa mulangoni na sahani mukononi, na mimi njo niliona.

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primaire, basi. Habari za baba na mama na ukoo nitaziacha, kila muntu anazo zake. Leo nina depo mbili za maharagi na mafuta, nina Fuso tatu, na hakuna bwana wala ndugu aliyenipa kapitali. Nasema hivi mujue nani anaongea. Ile jioni ya kutoka maziko, mujukuu wangu Grâce, anayesoma mambo ya finance kwenye chuo kikuu hapa Goma, alinikuta nimekaa peke yangu. Akaweka karatasi zake mezani, akaanza kukariri kwa sauti. «Rendement espéré,» anasema. «Écart-type.» Nikamuuliza ni dawa za nini. Akacheka sana. «Koko, aiko dawa! Kampuni ikitaka kutia mali yake pahali, inapima vitu viwili. Kwanza, katikati itarudisha kiasi gani. Ya pili, ile yenye itarudi inaweza kuangukia mbali na katikati kiasi gani. Hiyo ya pili njo riski.» Akanichorea mulima mwembamba na mulima mupana, akasema vilele vyao viko juu ya nukta moja, lakini kampuni yenye akili haiwezi kusema ni mulima mumoja. Nilishika meza. Hiyo milima miwili nilikuwa nimeshaiona nikiwa na miaka kumi na tisa, imefanywa na punje za mahindi, na aliyeifanya hakuwa na diploma. Alikuwa na kidole.

Ule mwaka nilikuwa mubebaji. Wanawake wa milima yetu tunabeba na kamba kwenye paji la uso, muzigo mugongoni, na mimi nilikuwa nabeba maharagi ya Papa Anselme, aliyekuwa anafanya biashara pale, kutoka Mweso mpaka Kibua, siku baada ya siku za kutembea, na kurudi na mafuta ya mawese kwenye bidon. Siku za kupumzika nilimusaidia muke wake, Mama Yosefina, kupika. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati yenye kutu, salon moja yenye viti vinne vya wageni ambavyo hakuna muntu alivikalia, kwa sababu kila kitu cha maana kilifanyika chini, kwenye mukeka karibu na mulango wa jikoni. Ilinuka moshi, mafuta mapya na magunia. Mubebaji yeyote aliyepita Mweso, awe wa Papa Anselme ao wa muchuruzi mwingine, alijua sahani yake iko pale: fufu, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mpaka inang'aa, na siku nzuri, samaki wadogo wa sambaza. Watu walisema muzee anapenda kulisha. Mama Yosefina, akisonga fufu na mikono yake miwili, aliniambia bila kugeuka: «Unafikiri hii chakula iko ya bure? Ngoja wamalize. Utasikia.»

Na nilisikia. Muntu akishashiba, akishanawa mikono, Papa Anselme alimuuliza maneno mawili, kwa upole, sawa anauliza habari ya watoto. «Ulitoka na kopo ngapi ya maharagi? Umerudi na bidon ngapi ya mafuta?» Hadithi ya mvua, hadithi ya askari wa barrière wanaofunga njia, alizisikiliza na kuitika, lakini hazikuingia popote. Kisha alifunga macho kidogo, akageuza zile bidon kuwa kopo katika kichwa chake: mafuta haya yakiuzwa hapa Mweso leo, kwa kila kopo kumi zilizotoka, yatanunua tena kopo ngapi? Kama ni kumi na mbili, aliweka punje za mahindi kumi na mbili, akazifunga katika kipande cha kitambaa. Safari moja, kitambaa kimoja. Vitambaa vya Kibua vilikuwa kwenye kitunga kimoja, na nilivyofika pale nilifikiri ni dawa ya kienyeji, nikawa napita mbali.

Muchana mumoja, hakuna mugeni, akaniita. «Mapendo, kuja hapa. Acha kuogopa kitunga yangu.» Akafungua vitambaa sita vya Kibua na kupanga rundo sita kwenye mukeka. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na moja, kisha tatu za kumi na mbili. «Fanya zote zilingane.» Nikatoa punje moja kwa ile ya kumi na tatu, nikaongeza kwa ile ya kumi na moja. Kazi ikaisha. «Sasa unajua nini?» Nikasema sijui kitu, Papa. «Unajua vitu viwili. Urefu wa rundo sasa, kumi na mbili, njo kile Kibua inatoa. Na punje zenye kidole chako kimesogeza, moja, njo hatari ya ile njia.» Nilibaki nimechuchumaa pale mpaka Mama Yosefina akaniita mara tatu. Ile njia nilikuwa naijua kwa magoti yangu. Nilijua kila muteremko, kila jiwe linaloteleza, nyumba gani wanakupa maji na nyumba gani wanakuuzia. Na hakuna siku moja nilifikiri kwamba yote inaweza kulala kwenye mukeka, na kwamba hatari, kitu kisicho na uso wala harufu, muntu anaweza kuihesabu kwa kidole. Nimeingia makanisa makubwa tangu hapo, nimepanda ndege mara nne. Sijawahi tena kujisikia mudogo vile, na kufurahi kuwa mudogo.

Papa Anselme na watu wengine sita walikuwa na sosiete. Kila mumoja alitia magunia yake ya maharagi, na faida waligawana kufuatana na yale kila mumoja alitia. Kisha msimu ule ikaja homa ya Itebero. Kule ndani ya pori la Walikale maharagi ni adimu, mafuta ni bei ya chini, na wabebaji waliotoka kule wakitumwa na wachuruzi wengine walipita Mweso na viatu vipya. Papa Anselme aliwalisha wote. Alifunga vitambaa sita vya Itebero, na mimi niliyekuwa naleta sahani nilisikia hesabu yao: kumi na nane, kumi na saba, kumi na tisa. Siwezi kuficha, nilitamani. Mimi nilikuwa na gunia moja la maharagi, langu mwenyewe, nililolima na kulinyima tumbo langu. Nilitaka kuligeuza kuwa magunia mawili, na hayo mawili kuwa meza ya chumvi na sabuni kwenye soko la Mweso, ili nitoe ile kamba kwenye paji langu kabla haijanila mufupa. Kama gunia lingepotea, ningerudi kulima mashamba ya watu kwa siku, na hiyo kazi muntu haitoki. Nikamuomba Papa Anselme alitie pamoja na magunia ya sosiete kwenda Itebero. Akasema: «Ngoja Jumapili.»

Jumapili, misa ilipoisha, watu saba walikaa kuzunguka mukeka. Déo alikuwa kijana wao, mwenye sauti na koti. Pembeni yake Bernard, fundi wa kushona, muntu mupole aliyekuwa anacheka kila Déo akicheka. Papa Anselme akapanga rundo sita za Itebero, akazilinganisha. Kumi na nane. Punje iliyosogea, moja. Déo akapiga goti lake. «Muzee, unaona kwa macho yako! Kibua punje moja, Itebero punje moja. Hatari ni ileile. Lakini huku kumi na mbili, kule kumi na nane. Sasa tunangoja nini? Tutie yote.»

«Yote?» akasema Bernard.

«Yote! Hata cherehani yako, ikiwa inaweza kutembea.»

Wakacheka wote ila muzee. Alikuwa anaangalia zile rundo sawa muntu anayeangalia ng'ombe mwenye bei rahisi. «Pori kubwa vile,» akasema polepole, «mito vile, na punje moja? Kuna kitu sioni. Iko hapa, lakini sikioni.»

Na mimi nilikuwa nakiona. Nilikuwa nimefika Itebero mara moja, mwaka uliotangulia, na muzigo wa muchuruzi mwingine. Kule nilikuta wanaume watatu wenye kuongea sawa sisi wa milimani, wanalima muhogo nyuma ya nyumba za watu. Waliniuliza bei ya chumvi Mweso, waliniuliza kama mama fulani iko muzima, na mumoja alilia. Kila mumoja alikuwa amepoteza muzigo wa wenyewe: mumoja muto ulibeba, mumoja walimunyanganya njiani, mumoja maharagi yalilowa mpaka yakaota majani mugongoni mwake. Kwetu muntu akipoteza muzigo wa mwingine harudi. Haya inamufunga, na kifungo cha cachot pia, na familia itasumbuliwa. Anabaki kule alikoanguka. Waliniapisha nisiseme nimewaona, na nilikuwa nimenyamaza mwaka muzima. Lakini gunia langu lilikuwa pale nyuma ya mulango, limeshonwa tayari.

«Papa,» nikasema, «unauliza wale wenye walirudi.»

Déo akageuka. «Nani amemuita huyu kwa réunion? Mapendo, enda, sombe inaungua.»

«Sombe haiungui,» akasema Mama Yosefina kutoka jikoni. «Muache aseme.»

Nikapiga magoti. Nikaokota vitambaa vitatu kwenye kitunga, vitupu, nikavitandaza pembeni ya zile rundo sita. «Kuna wengine watatu, Papa. Walitoka na makopo yao, hawakurudisha hata moja. Hawawezi kuja kula kwako. Hawapiti Mweso tena.»

«Majina yao?»

«Siwezi, Papa. Niliapa.»

Déo akainua mikono. «Aah! Watu wasio na majina. Hata mimi naweza kukuletea mia moja!» Na kweli, kwa sheria yoyote ya wanaume wale, neno langu lilikuwa halina kitu. Papa Anselme aliita mubebaji muzee aliyekuwa anakula nje barazani, Papa Sikuli, ambaye alikuwa amefika kutoka Itebero juzi yake, na kitambaa chake kilikuwa kimoja cha vile sita. Akamuuliza mbele ya wote: «Kaka Sikuli, kule Itebero kuna watu wa kwetu wenye hawarudi?» Muzee Sikuli akaangalia ndani ya sahani yake. Akakata fufu, akaiviringa, hakuila. «Wenye walibaki pale wanaishi, Papa,» akasema. Kisha akatoka na sahani yake.

Hapo Papa Anselme akaanza kusogeza punje. Alitoa kwa zile ndefu, akatia kwenye vitambaa vitupu, moja moja, na mimi nilihesabu ndani ya tumbo langu. Rundo zilikuwa sita, sasa zikawa tisa, na kidole chake kilienda na kurudi mpaka zote zikalingana. Thelathini na sita. Punje thelathini na sita zilikuwa zimesogea. Na urefu wa kila rundo ulipobaki umetulia, Bernard akahesabu na midomo, akahesabu tena, akasema kwa sauti ndogo: «Kumi na mbili.» Kumi na mbili, sawa Kibua! Njia mbili, katikati moja, na moja ilikuwa imesogeza punje moja na ingine ilikuwa imesogeza konzi nzima. Wale wanaume watatu, waliojificha pale Itebero na ambao hakuna muntu Mweso aliyewataja tena, walikuwa wamekaa pale kwenye mukeka na wanakula sehemu yao kwenye kila rundo. Walikuwa wanakula tangu mwanzo. Sisi njo hatukuwapa sahani.

Muzee aliniangalia, na mbele ya watu sita wenye magunia akasema: «Nilikuwa nimekosa. Huyu mutoto-mwanamuke ameniokoa na akili yangu mwenyewe.» Kisha akakata shauri: sosiete itatia sehemu moja kati ya kumi Itebero, iliyobaki Kibua. «Sisi tuna magunia mengi, hiyo moja ikipotea tutalala usingizi.» Watu wanne wakakubali. Déo akasimama, akasema yeye hafanyi biashara na wasichana na vitambaa, atatoa magunia yake. Bernard akasimama pia, kwa sababu Déo alikuwa amesimama. Na mimi, nisiyeelewa bado, nikauliza: «Papa, na gunia yangu? Katikati ni kumi na mbili huku, kumi na mbili kule. Nikienda na Déo sipotezi kitu, na labda napata kumi na nane.»

Akarudisha rundo za Itebero vile zilivyokuwa kabla ya kuzilinganisha, sita ndefu na vitambaa vitatu. «Nionyeshe hapa rundo yenye kumi na mbili.» Nikatafuta. Hakukuwa na hata moja. «Haiko,» nikasema. «Haiko,» akasema. «Katikati ni ya muntu mwenye magunia mengi, mwenye atatuma mara nyingi mpaka nzuri na mbaya zichanganyike. Wewe utatuma moja. Gunia yako haiwezi kuangukia katikati, mwanangu. Itaangukia kwa kumi na nane, ao itaangukia hapa.» Akaweka mukono wake wazi juu ya kitambaa kitupu. Nimesikia watu wa benki wakiongea mbele yangu na kompyuta zao, na tai zao. Hakuna aliyenieleza kitu kikubwa kuliko hicho.

Gunia langu likaenda Kibua. Na Kibua, safari ile, ikanipa kumi na moja. Wiki ileile wabebaji wa Déo na Bernard wakarudi kutoka Itebero, wote, wanaimba tangu kilimani, na hesabu yao ilikuwa kumi na tisa. Soko nzima ilijua. Muuza nyama aliniita Mama Vitambaa. Wasichana wenzangu wakaniuliza kama bado nahesabu watu wasioonekana. Nilienda kwa Papa Anselme nimejaa machozi na hasira, nikamuambia: «Tumekosa, Papa. Ningekuwa na gunia karibu mbili leo.» Alikuwa anakula. Hakunifariji. Alinawa mikono, akavuta kitunga cha Itebero, akachukua kitambaa kipya, na kwa kidole kilekile akahesabu punje kumi na tisa, hakupunguza hata moja, akazifunga. Rundo la kumi. Alilitia pamoja na mengine, juu ya hukumu yake mwenyewe. «Sasa katikati ya Itebero imepanda kidogo,» akasema. «Ni kweli, na tuandike kweli. Lakini vitambaa vitupu viko wapi?» Nikasema viko ndani bado. «Basi hatukukosa. Punje imeangukia upande wao leo. Kukosa ni kitu kingine.» Mimi nimeona wanaume wengi wakishinda mabishano. Yule nilimuona akiongeza ushahidi wa adui wake kwenye kitunga chake mwenyewe na kukifunga vizuri.

Déo alipita salama njia ya Itebero. Alipita tena, na tena, na leo munajua jeep yake. Bernard alipita mara mbili, na mara ya tatu alienda mwenyewe na magunia yake yote, cherehani pia alikuwa ameiuza. Njia ileile, mwezi uleule, hesabu ileile. Bernard hakuonekana tena Mweso. Watu wanaangalia Déo na kusema ujasiri. Hakuna wa kumuangalia Bernard, kwa hiyo hakuna wa kusema kitu. Mimi ilinichukua safari tano za Kibua gunia moja kuwa mawili, na meza yangu ya chumvi na sabuni niliifungua kabla mwaka haujaisha.

Lakini ile safari ya pili ya Kibua njo ilikuwa ngumu kuliko zote. Kabla ya kufika Kibua kuna pahali njia inagawanyika, moja inashuka kwenye pori upande wa Itebero. Nilifika pale asubuhi, nimebeba maharagi yangu mwenyewe, na wabebaji wa Déo walikuwa wamepumzika wanachoma mahindi. «Mapendo!» wakaita. «Mama Vitambaa! Mali iko huku! Acha njia ya wazee!» Mumoja akanipa kipande cha hindi la moto, nikala nimesimama, kwa sababu ukikaa na gunia kuinuka ni kazi. Niliangalia ile njia inayoshuka. Ilikuwa nzuri, kavu, yenye kivuli. Nilijua wanaweza kurudi tena wanaimba. Nilijua kwamba wakirudi wanaimba nitachekwa tena soko nzima, na kwamba hata hivyo nitakuwa nimechagua vizuri, na hakutakuwa na muntu wa kunishuhudia. Hicho kilikuwa kizito kuliko gunia. Nikawaambia muende muzuri, na nilisema kutoka moyoni. Kisha nikashika njia ya Kibua.